Wadudu wa Karatasi katika Nyumba ya Ndui

Uso wangu ndio ulionipeleka katika ile nyumba. Niliugua ndui nikiwa mdogo, kabla sijatekwa kwetu upande wa Pangi na kuletwa hapa Kindu, na makovu yake yamenijaa tangu kipaji cha uso mpaka kidevu. Kwa hiyo mwaka ule wa vita, ndui iliposhuka na mitumbwi kutoka juu ya mto, bibi mkubwa wa nyumba yetu hakuhangaika kutafuta wa kumtuma. Alinisimamisha mlangoni akanitazama.

"Weye ugonjwa huu umekwisha kukula," alisema. "Haurudi kulamba sahani. Nenda ukakae na watoto."

Nilikuwa mjane wa miezi mitatu. Marehemu mume wangu alikuwa katibu wa bwana, mtu wa pwani, mpole, aliyeandika na kusoma barua za nyumba nzima na za majirani pia. Kuhara damu kulimmaliza kwa siku chache. Mtoto hatukupata. Bwana mwenyewe alikuwa amekwenda kupigana na Wazungu upande wa Kasongo pamoja na karibu wanaume wote, na mambo ya nyumba yalikuwa mikononi mwa bibi. Nikaitikia ndiyo, nikafunga mkeka wangu. Nyumbani nilichukua pia kasha la mume wangu, kwa sababu niliogopa litaibwa nikiwa mbali. Ndani yake mlikuwa na karatasi, kalamu za matete na kile kisu chake kidogo cha kuchongea kalamu.

Nyumba ya ndui ilikuwa banda la kuhifadhia mpunga, mwisho kabisa wa mashamba. Chakula kiliwekwa juu ya kisiki, aliyekileta akapiga ukelele na kukimbia. Siku ya kwanza watoto walikuwa saba. Kabla ya juma kwisha walikuwa kumi na mmoja.

Anayejua ndui anajua kwamba homa siyo inayotesa zaidi. Kinachotesa ni kuwashwa. Mtoto hujikuna mpaka lengelenge linapasuka, na akijikuna machoni anapofuka. Bibi alikuwa amenipa kamba za kuwafungia mikono. Nilimfunga mvulana mmoja wa miaka mitano, halafu dada yake. Yule mvulana hakulia. Alizitazama kamba, akanitazama, kama mtu anayeuliza amekosa nini. Mimi nilikuja Kindu na kamba shingoni. Nilitembea siku nyingi nikitazama kisogo cha mwanamke aliyefungwa mbele yangu, mpaka leo naweza kukieleza kisogo kile kuliko uso wa mama yangu. Nikazifungua zile kamba, nikazitupa kwenye majani. Kisha nikakaa chini nisijue la kufanya, kwa maana mikono ya watoto ilikuwa imeshaanza tena kupanda usoni.

Ilikuwa majira ya kumbikumbi. Nyuma ya banda palikuwa na kichuguu kikubwa, na mchana ule, mvua ilipokatika, walianza kutoka kwa maelfu. Watoto waliwaona kupitia mlangoni. Mtoto gani wa Maniema asiyejua kumbikumbi wa kukaanga? Wakataka kutoka, lakini hakuna aliyeweza kusimama.

"Mama, nikamatie," alisema msichana mmoja aliyelala karibu nami. "Moja tu."

Nilitoka nikawakamata wengi, lakini alipotia mmoja mdomoni hakuweza kumeza, koo lilikuwa limejaa vidonda. Akaanza kulia, na alipolia akajikuna. Ndipo nilipofungua kasha. Nilitoa karatasi moja, nikaikunja mara mbili, nikakata mabawa manne membamba kwa kile kisu cha kalamu. Kiwiliwili nilikisokota kwa karatasi hiyo hiyo, nikabandika mabawa kwa uji mzito wa muhogo. Halafu, sijui wazo lilitoka wapi, nikachovya kidole katika mawese nikayapaka mabawa. Karatasi ikipakwa mafuta hupitisha mwanga. Mabawa yakawa kama ya kumbikumbi mwenyewe.

Msichana akanyamaza. Akamshika kwa vidole viwili, akamwinua kuelekea mlangoni penye mwanga.

"Huyu njo hawezi kuliwa," alisema.

"Hawezi kuliwa. Huyu ni wa kushika tu."

Kuanzia hapo mikono ikapata kazi. Waliokuwa na nguvu walikunja, wasio na nguvu walisokota. Niliwafundisha kipepeo, ambaye ndiye rahisi: unakunja karatasi katikati, unakata upande mmoja, ukifungua pande zote mbili zinalingana. Nyenje alitengenezwa kwa karatasi iliyofinywa na kupakwa masizi. Kereng'ende alipata mgongo wa njiti ya ufagio. Panzi ndiye waliyempenda zaidi, kwa sababu ukimbonyeza nyuma anaruka, na wale waliolala kwenye mikeka walishindanisha panzi wao kifuani. Madoa tuliyatia kwa mkaa, wekundu kwa ngula, ule unga wa mti ambao wanawake hujipaka. Yule mvulana niliyemfunga kamba hakuweza kukunja. Alichana vipande vidogo vidogo, akavipanga ukingoni mwa mkeka, akasema ni siafu. Alikuwa akiwapanga kuelekea mlangoni. Alifika nusu ya safari, kisha asubuhi moja sikumsikia akipumua.

Wa kuzika alikuwa mzee mmoja tu, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye naye alikuwa na makovu kama yangu. Kila mara aliposikia nikipiga debe tupu, alikuja na jembe na sanda. Hakuingia ndani. Nilimtolea maiti mlangoni, tukaosha pamoja, akasali, akazika pembeni mwa shamba. Mikeka ya waliokufa na kila walichoshika nilivichoma, kama alivyoniamuru. Kwa hiyo wadudu wao nao walikwenda motoni.

Sasa niseme habari za zile karatasi, maana ndizo zilizonifanya niandike haya. Zilizokuwa na Neno la Mungu zilifungwa ndani ya kitambaa cheupe. Mume wangu alikuwa amenikataza kuzigusa bila udhu, na sikuzigusa. Nyingine nyeupe zilikuwa chache, zikaisha siku mbili tu. Zilizobaki zilikuwa zimeandikwa. Mimi siku zile sikujua alifu wala be. Niliona mistari tu, kama njia za mchwa katika mti. Kati yake zilikuwamo nne au tano zilizokunjwa na kubandikwa pembeni. Nilidhani kila kilichoandikwa kimeshasomwa, kwa sababu mume wangu hakuwa mtu wa kulaza barua. Sikukumbuka kwamba siku zake za mwisho hakuweza hata kuinua kichwa, na kwamba barua zilizofika siku hizo mimi mwenyewe ndiye niliyezipokea na kuzitia kashani. Nilizipasua kwa kisu. Karatasi yake ilikuwa nene na imara, nami nikafurahi.

Yule msichana wa kumbikumbi alikuwa na miaka minane hivi. Mama yake alikufa akimzaa. Baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi, muungwana aliyekuwa chini ya bwana wetu, ambaye alipelekwa chini ya mto, karibu na maporomoko, kumchongea mitumbwi tajiri mmoja wa huko. Alimwacha mtoto kwa wanawake wa nyumba yetu akaahidi kurudi. Mtoto alikuwa na kovu la moto mkono wa kushoto, aliangukia mafiga alipokuwa anaanza kutembea. Kila alipopata nafuu kidogo alinieleza habari za baba yake.

"Baba yangu akigonga tezo, mi nasikia tangu mbali. Mafundi wengine wanagonga kwa haraka. Yeye anagonga, anangoja kidogo, anagonga tena."

"Atakuja?"

"Atakuja. Atakuja na mutumbwi wake mwenyewe, yenye kichwa ya mamba."

Ndui ilimwacha. Macho yake yalibaki mazima, na magamba yakaanza kumdondoka. Siku niliyomtoa kukaa juani, nje ya banda, alijifunga kipepeo kikubwa kichwani kwa uzi wa ukindu. Tulikuwa tumezika wawili siku iliyotangulia, na mwalimu alikuwa bado anarekebisha udongo wa kaburi. Alipoona mtoto amekaa nje, alifurahi, akaja karibu.

"Nashika miguu, mwalimu," mtoto alisema.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mdudu wako ni..."

Hakumaliza. Aliinama, akasoma bawa moja, akasoma la pili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Karatasi hii umeitoa wapi?"

Nikamwambia.

"Ilikuwa imefunguliwa?"

"Ilikuwa imebandikwa, mwalimu. Niliipasua."

Akamwomba mtoto kile kipepeo, akakishika mbali na macho yake kama wazee wanavyosoma, akanisomea polepole, akiruka mahali palipokatwa: "...na mwanangu yule mwenye kovu la moto mkono wa kushoto... nitakuja mwenyewe kumchukua... mwezi ukiandama baada ya..." Hapo ndipo kisu changu kilipokuwa kimepita.

Niliingia ndani mbio. Niliwanyang'anya watoto wagonjwa wadudu wao. Walilia, nami sikujali. Mwalimu alikaa mlangoni, nikawa namletea mmoja mmoja: kereng'ende, nyenje, panzi. Aliwakunjua, akaisoma karatasi, akaiweka pembeni. Hesabu za pembe. Salamu za mtu wa Nyangwe. Hesabu tena. Panzi wawili tu ndio waliokuwa wa barua ile. Kipande kimoja kilisema tungoje kivukoni. Kingine kilisema hatakaa zaidi ya siku tatu, kwa sababu mto wa huko si salama tena. Sehemu iliyobaki ilikuwa imeshaungua pamoja na mikeka ya waliokufa.

Mwezi ulikuwa umeandama siku tisa kabla.

"Mimi niende kivukoni," alisema mwalimu. "Wewe usitoke hapa."

Msichana alikuwa bado juani. Alikuwa ameona tunavyohangaika, akauliza, "Hiyo barua inasema nini, mama?"

Mwalimu alinitazama. Aliniachia mimi nijibu, na hilo sijawahi kumlaumu.

"Inasema baba yako anakusalimu," nilimwambia.

"Tu?"

"Tu."

Mwalimu alirudi mchana. Aliketi chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaeleza kila kitu bila kuinua macho. Alikuwa amezungumza na Wagenia, wavuvi wenye mto. Mtumbwi wenye kichwa cha mamba ulikuja kweli. Lakini bibi mkubwa alikuwa ameamuru chombo chochote kisitie nanga upande wetu kwa ajili ya ugonjwa, na walinzi walikuwa wakipiga kelele kutoka ukingoni, "Rudini! Hapa ndui!" Mtu mmoja alisimama katika mtumbwi, tezo begani, akauliza habari za binti yake, akaeleza kovu lake. Mlinzi, ambaye hakumjua mtoto wala baba, aliwauliza waliokuwa nyuma yake, na mtu mwingine akamjibu kwamba watoto wote waliopelekwa banda la mpunga wamekwisha.

"Hivyo ndivyo walivyomwambia?" niliuliza.

"Ndivyo. Wagenia wanasema alikaa katikati ya maji siku nzima. Hakula. Kisha akarudi chini."

Siku ile mtoto alikuwa ndani ya banda, hatua zisizofika elfu mbili kutoka mtoni, akicheka kwa sababu panzi wake amemshinda wa jirani. Naikumbuka siku yenyewe. Lau barua ingesomwa, ningekwenda kivukoni na mtoto mimi mwenyewe, nikamwonyesha baba yake ule mkono wa kushoto kutoka mbali.

Tulifanya lililowezekana. Mwalimu aliwapa Wagenia wawili ujumbe wa mdomo wa kushuka nao, akawapa kanzu yake nzuri kwa kazi hiyo. Mmoja alirudi baada ya majuma mawili. Alisema hawakufika: askari wa Wazungu walikuwa wamekwisha kuushika mto chini, mitumbwi ya watu wa bwana ilikuwa inapigwa risasi, vijiji vya ukingoni vilikuwa moto na moshi. Mwenzake hakurudi kabisa. Mke wake alikuja kusimama nje ya banda langu, mbali, akanitazama, kisha akaenda zake.

Watoto wengine hawakujua lolote la haya. Walitaka wadudu wao. Karatasi sikuthubutu kuigusa tena, nikawatengenezea kwa ganda kavu la mgomba, lakini ganda lile linapasuka ukilikunja, na panzi wake haruki. Walijikuna. Mmoja alipoteza jicho. Wanne ndio waliotoka wazima katika lile banda, akiwamo msichana wangu. Nasema wangu kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumchukua.

Miezi michache baadaye vita vilitufikia. Habari zikaja kwamba bwana amekufa na Kasongo imeanguka. Bibi mkubwa alifunga vitu vyake akakimbia usiku mmoja na wale aliowaamini, akatuacha sisi tuliobaki kama unavyoacha kuku. Askari walipofika na bendera yao, waliandika watu, wakachagua wa kubeba mizigo, wakachukua mpunga. Mimi walinipita. Uso wangu ulinisaidia kwa mara ya pili.

Tulijenga kibanda upande wa Alunguli, mimi na msichana, tukalima mihogo. Alikuwa akiniita mama. Kila alipopita fundi wa mitumbwi akigonga tezo, aliacha jembe akasikiliza. Kisha akasema, "Siye," akaendelea kulima. Nilivumilia hivyo mwaka mzima. Siku moja alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida, mpaka nikaona machozi yanamjaa, na hapo nilishindwa. Nilimwambia pale pale shambani. Nilimwambia barua ilisema nini, kisu kilipita wapi, na baba yake aliambiwa nini kutoka ukingoni.

Alibaki amesimama.

"Kwa hiyo yeye anajua mi nimekufa," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulinambia ananisalimu."

"Ndiyo."

"Siku ile nilikuwa nacho kile kipepeo kichwani," alisema, akashika jembe, akamaliza tuta lake. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, akasema, "Karibu, bibi katibu." Tangu siku hiyo hakuniita mama tena. Hakunitukana hata mara moja, hakuninyima maji wala kuni. Nilipougua aliniosha. Lakini lile neno lilikuwa limekwisha, na sikuwa na haki ya kulidai.

Mimi nilikwenda kwa mwalimu. Nilimkuta anapaka chokaa ubao wa wanafunzi.

"Nifundishe kusoma," nilimwambia.

"Umri wako?"

"Umri wangu huu huu."

Hakucheka. Alinipa ubao. Nilikaa nyuma ya watoto wadogo wanaojamba na kusinzia, nikasoma alifu, be, te, mwanamke mzima. Ilinichukua miaka mitatu kufika mahali ambapo naweza kusoma barua ya mtu bila kukwama. Baada ya mwalimu kufa, watu walianza kuniletea zao. Sikulaza barua ya mtu hata moja. Nilisoma siku ile ile ilipofika, hata kama mwenyewe yuko shamba la mbali, nilikwenda kumtafuta.

Msichana aliolewa na mvuvi wa ng'ambo. Watu wa mto walipoanza tena kusafiri, alimwomba mume wake washuke hadi kule kwenye maporomoko. Walikaa huko majira mazima ya mvua. Aliporudi alikuja kwangu kwanza, kabla hata ya kwenda kwake. Nilikuwa natwanga sombe, yale majani ya muhogo. Akanipokea mchi, akawa anatwanga yeye, akaeleza huku akitwanga.

Walimpata mzee mmoja aliyefanya kazi na baba yake. Mzee alisema fundi alirudi kutoka Kindu, akanyoa kichwa, akaweka matanga siku tatu, akachinja mbuzi, akaomba watu wamsomee mtoto wake hitima. Tangu hapo hakuchonga tena. Askari walipokuja kutafuta wapagazi, wenzake walikimbilia msituni, yeye hakukimbia. Walimkuta amekaa mbele ya nyumba yake. Alikwenda nao, na hakuna aliyesikia alifia wapi.

"Walikimbia wote isipokuwa yeye?" niliuliza.

"Wote. Mzee anasema walimwita, hakutaka kusimama."

Sombe ilikuwa imeshalainika zamani, naye aliendelea kutwanga. Sikumzuia. Nilichochea moto, nikatia mawese na samaki mkavu, nikasonga ugali. Alikula vizuri, alikuwa ametoka mbali na mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Aliniuliza kama mihogo ya mwaka huu inaoza, nikamwambia ile ya bondeni tu. Kisha alinawa mikono, akajifunga kitambaa kichwani, akavuka mto kabla mvua haijashuka.